Ukuta Unatoka Magamba, Silingi Imechora Ramani: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Plasta Iliyoharibiwa na Maji

Mimi sio fundi, nianze hapo. Mimi ni mtu niliyepaka rangi ukuta uleule mara tatu ndani ya miaka miwili, ukuta wa chumbani uliopakana na bafu, na mara zote tatu rangi ikavimba ikaanza kutoka magamba kama sato. Mara ya kwanza nikalaumu rangi, ya pili nikamlaumu fundi, ya tatu nikachukua tindo na nyundo nikabomoa mwenyewe mpaka kwenye tofali, na huko ndani nikakuta elbo ya bomba la bafuni inatoa jasho, tone moja, kimya, alafu tone lingine, kwa mwendo ambao kikombe cha kahawa kingechukua lisaa zima kujaa. Elbo yenyewe hela ya soda. Rangi, skiming (ule mkono mwembamba wa kulainisha plasta kabla ya rangi) na ufundi wa mara tatu sitaki hata kupiga hesabu.

Kwahiyo hapa nafuata mpangilio ambao nilitakiwa kuufuata toka mwanzo: maji kwanza, kukausha pili, plasta tatu, rangi mwisho kabisa. Wengi wetu (na mafundi rangi karibu wote, wanisamehe) tunaanza na rangi. Naongelea zaidi nyumba za tofali za saruji zilizopigwa plasta ya saruji na kuwekwa silingi ya jipsamu, ndo nyumba nyingi za Dar na miji mingine, ila wenye nyumba za zamani za mawe na chokaa kule Unguja na Lamu nimewawekea sehemu yenu mbele huko, msiipite manake kwenu saruji inaharibu zaidi.

Kabla hujagusa kitu

Kama maji yameingia kwenye silingi au yanapita karibu na swichi, soketi au taa, zima mein switchi kwanza. Sio swichi ya taa, mein switchi. Silingi ikiwa imefanya kitambi maana yake imebeba maji juu, na jipsamu ikilowa inakuwa nzito na laini kwa wakati mmoja, itashuka yote kwa mkupuo. Toa vitu chini yake, weka ndoo au karai, simama pembeni (usisimame chini yake jamani), alafu toboa kwa bisibisi pale kitambi kilipozidi ili maji yatoke taratibu.

Jambo lingine la kuangalia ni umri wa nyumba. Nyumba za zamani, hasa zile kota za miaka ya nyuma, zinaweza kuwa na mabati au silingi bodi za asbestosi. Ukihisi ni hizo usizikate, usizitoboe, usizipige msasa, vumbi lake linaua mapafu miaka mingi baadaye. Hiyo kazi mwachie mtu mwenye vifaa vyake.

Mtafute maji anatokea wapi

Hapa ndo kazi ilipo. Doa lenyewe linaongea ukilisoma vizuri.

Doa la chini, kuanzia sakafuni kupanda mpaka magotini au kiunoni, lenye unga mweupe kama chumvi ukilikwangua kwa kucha, hayo ni maji ya ardhini yanapanda kwenye tofali. Ama msingi hauna ile nailoni ya kuzuia unyevu, ama ipo ila nje mmejaza kifusi au mkapiga sakafu ya uwanja mpaka ikapita juu yake, na hili la pili ndo nakutana nalo sana. Mtu anajenga vizuri, baada ya miaka mitano anaweka pevingi nje, uwanja unapanda, na ukuta ambao haukuwahi kulowa unaanza kulowa. Dawa yake sio ya dukani, ni chepe. Shusha udongo nje mpaka uwe chini ya usawa wa sakafu ya ndani, angalau sentimita 15, na elekeza maji ya mvua mbali na ukuta.

Doa la juu kwenye kona ya silingi linalokuja na mvua na kukauka jua likiwaka ni la paa. Angalia misumari iliyolegea au iliyokosa mpira, gata iliyojaa majani, na pale bati linapokutana na ukuta. Hizi nyumba za kisasa zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta zinapendeza kweli, sikatai, ila gata lake liko ndani ya nyumba, likiziba na jani moja la mwembe maji hayana pa kwenda zaidi ya chumbani kwako. Kama unayo hiyo, panda ukasafishe kabla ya masika na kabla ya vuli, kila mwaka.

Doa la katikati ya ukuta lisilojali mvua wala kiangazi ni bomba. Kipimo cha bure: funga koki zote ndani, hakikisha tangi limejaa na boya limefunga, alafu nenda kaangalie mita ya maji. Ikiwa inazunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna bomba linavuja kati ya mita na tangi. Kama bafu linatumia maji ya tangi basi funga maji yanayoingia tangini usiku zote mbili, usiku wa kwanza funga na koki ya kutokea tangini, weka alama usawa wa maji, asubuhi fungua uone, alafu usiku unaofuata koki ya kutokea iache wazi bila mtu kutumia maji. Usawa ukishuka usiku ule wa pili tu, mhalifu ni bomba la ndani. Hivi ndo ningemkamata wangu bila kupaka rangi mara tatu.

Kuna na lile doa la chini ya bafu la ghorofani, au nyuma ya bafu, linalokuja watu wakioga tu. Hapo sio bomba la presha, ni maji machafu au sakafu. Ziba tundu la maji la bafuni kwa kitambaa na nailoni, mwaga maji sakafuni yasimame sentimita mbili hivi, subiri masaa kadhaa. Doa likiongezeka ni taili, viungo vyake vimekwisha. Lisipoongezeka, zibua tundu uone kama litakuja maji yakianza kwenda.

Kwa paa, mtu mmoja aingie juu ya silingi na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira akianzia chini ya bati akipanda juu polepole. Ukianza juu utalowesha kote na hutajua tundu ni lipi. Kumbuka pia maji yanatembea, yanaingia pale, yanafuata kenchi mita mbili tatu, ndo yanadondoka hapa, kwahiyo usizibe bati lililo juu ya doa ukaridhika.

Ukibaki huelewi kama unyevu unatoka ndani ya ukuta au ni hewa tu ya chumba, chukua nailoni nyeupe inayoonesha, ukubwa wa kitambaa cha mkono, ibandike na tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, iache siku moja mpaka mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani. Yakiwa upande wako, ni joto na mvuke wa chumba, fungua madirisha, hakuna cha kubomoa.

Kubomoa palipooza

Maji yakishaacha kuja, gonga. Tumia mpini wa mwiko, gonga taratibu kila baada ya sentimita kumi kuanzia palipo pazima kuelekea kwenye doa. Plasta iliyoshika inajibu kwa mlio mkavu, mfupi. Iliyoachia inalia kama mtungi mtupu, na ukiweka kiganja wakati unagonga unaisikia inatikisika. Zungushia chaki. Utashangaa, mara nyingi pabovu pana ukubwa mara mbili ya doa unaloliona.

Bomoa yote iliyoachia, na uongeze kama sentimita 15 kuzunguka sehemu iliyooza, na kwa ukuta wenye chumvi panda mpaka sentimita 30 juu ya mstari wa doa manake chumvi inatangulia mbele ya doa. Kingo zikate zinyooke, usiache zikiwa nyembamba kama kingo za chapati, plasta mpya ikikutana na kingo nyembamba inapasuka palepale. Tofali likwangue kwa brashi ya waya mpaka uone uso wake halisi.

Ule unga mweupe usiuoshe. Ukiuosha unayeyuka unarudi ndani ya ukuta, kesho unatoka tena. Piga brashi ukiwa mkavu, kusanya, katupe nje, rudia baada ya siku chache mpaka uishe au upungue sana.

Penye ukungu mweusi pasugue kwa maji na jiki, sehemu moja ya jiki kwa nne za maji, madirisha wazi, glavu mkononi, acha kama robo saa alafu futa. Usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya chooni, ule moshi unaotoka sio wa mchezo.

Kukausha, yaani kusubiri

Hapa ndo kila mtu anashindwa. Tofali la inchi sita lililolowa miezi halikauki wiki moja. Sehemu zenye joto na upepo hesabu wiki kadhaa, na kwa Dar wakati wa masika usijisumbue, hewa yenyewe imejaa maji, ziba palipovuja sasa, bomoa plasta, alafu uache ukuta uchi mpaka kipupwe, mwezi wa sita wa saba huko. Ndio, wageni watauona, waambie nyumba iko matengenezo.

Feni inasaidia sana, ielekeze ukutani na ufungue madirisha mawili ili upepo upite. Jiko la mkaa usiweke. Nimeona watu wanalifungia chumbani ukuta ukauke, na mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, watu wanalala hawaamki.

Utajuaje pamekauka? Rudia kile kipimo cha nailoni. Siku mbili bila tone upande wa ukuta, endelea.

Kupiga plasta

Kwa kiraka cha ndani saruji ya 32.5 (namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko) inatosha, hiyo 42.5 iache kwa zege. Mchanga uwe wa mto, msafi, uliochekechwa. Mchanga wa baharini hapana kabisa, unaingiza chumvi ileile uliyotoka kuipiga brashi. Kipimo ni ndoo moja ya saruji kwa tano za mchanga, na kwa kiraka kidogo tumia kopo badala ya ndoo. Kuna imani kwamba saruji ikizidi ndo imara zaidi, sivyo, plasta kali kuliko ukuta inajivuta ikikauka na kupasuka mapande. Changanya kikavu mpaka rangi iwe moja, ndo uweke maji kidogo kidogo. Changanya utakachomaliza ndani ya saa moja tu, ikianza kugoma usiiongezee maji kuifufua, tupa.

Ukuta uliokauka unakunywa maji kwa pupa, kwahiyo urushie maji kwanza ulowane bila kuchuruzika, alafu paka uji mzito wa saruji kwa brashi na upige plasta huo uji ukiwa bado mbichi. Ukiacha uji ukauke umeweka kioo, plasta itateleza.

Unene usizidi milimita 15 kwa mkupuo mmoja. Shimo likiwa refu kuliko hapo piga tabaka la kwanza, lichorechore kwa ncha ya mwiko wakati bado bichi, acha lishike mpaka kesho, ndo upige la pili. Pale ulipochimba kupitisha bomba weka wavu wa kuku juu ya mfereji ukipita pembeni sentimita kumi kila upande, bila hivyo utapata ufa ulionyooka kama umechorwa na rula. Na lijaribu bomba kwanza! Fungua maji, liache na presha yake siku nzima ukilitazama, ndo ulifunike.

Sawazisha kwa rula ndefu ukiegemea plasta ya zamani pande zote mbili, ukiivuta kwa kuitikisatikisa kama unakata na msumeno, jaza penye bonde, vuta tena. Ikianza kushika (ukibonyeza kidole kinaacha alama lakini hakinati) zungusha ubao wa kusawazishia. Usipige niru (ule uji wa saruji unaosuguliwa juu ya plasta) kwenye ukuta uliowahi kupata unyevu, ile sura inayong'aa inaziba, na ukuta huo unahitaji kupumua.

Alafu mwagilia. Mara mbili kwa siku, kwa siku tano mpaka saba, rusha maji kama unanyunyizia mchicha. Najua inachekesha, umesubiri ukauke miezi miwili alafu unaumwagia maji, ila saruji haikauki kama tope, inashika kwa kunywa maji, ukiinyima inakuwa ya unga na nyufa.

Skiming baadaye kabisa. Kwa ukuta uliowahi kulowa tumia wolipati (unga wa kulainishia ukuta) ya saruji nyeupe, ile ya jipsamu iache kwa kuta zisizo na historia, manake jipsamu ikikutana na unyevu tena inalainika. Mikono miwili myembamba, msasa namba 120 kisha 220, na barakoa usoni.

Silingi

Bonyeza doa kwa kidole gumba. Likiwa gumu kama sehemu nyingine, una bahati, acha pakauke alafu paka andakoti ya mafuta juu ya doa kabla ya rangi. Ukipaka emalshen (rangi ya maji) moja kwa moja, ile rangi ya chai inapenya, unapaka mikono mitano na doa bado linakuchungulia. Kidole kikizama, bodi imeshakuwa biskuti iliyochovywa kwenye chai, kata.

Kata mraba, na kingo zake ziishie katikati ya mbao ili bodi ya zamani na mpya zote zipate pa kushikia. Chungulia juu kwanza na tochi uone nyaya zinapita wapi. Pasipo na mbao ongeza vipande vya mbao za inchi mbili kwa mbili. Kipande kipya kiwe na unene sawa na cha zamani, kipungue milimita mbili tatu kiingie bila kulazimishwa, skrubu kila sentimita 20, kichwa cha skrubu kizame kidogo bila kuchana karatasi ya bodi. Jaza mwanya, bandika tepu ya wavu, pitisha jipsamu mara tatu, kila mara ukipanua zaidi, mpaka ya mwisho iwe na upana wa sentimita 30 hivi. Ukiifanya nyembamba itaonekana kama kovu jioni taa zikiwaka.

Kama silingi yako ni slabu ya zege na plasta imedondoka ukaona nondo zenye kutu, hapo sio kazi ya mwiko. Kutu inavimba na inapasua zege kutoka ndani, kiraka cha plasta kinaficha tu. Ita injinia, na chumba hicho msilale.

Nyumba za mawe na chokaa

Mji Mkongwe wa Unguja uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000 na mji wa Lamu 2001, na kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, dari zake boriti za mikoko. Kuta hizi ni nene na zinanyonya maji, zimeishi kwa sababu chokaa inayatoa taratibu kupitia usoni. Ukizifunika kwa saruji maji yanabaki ndani, yanatafuta pa kutokea, yanapanda juu zaidi na kuishia kwenye vichwa vya boriti, navyo vikaoza. Kwahiyo kiraka cha chokaa kijazwe kwa chokaa: moja ya chokaa iliyozimwa na kukaa kwenye maji muda mrefu, tatu za mchanga msafi, matabaka membamba, kila moja lipewe siku kadhaa na kivuli, na rangi juu yake iwe ya chokaa pia. Chokaa inaunguza macho, vaa miwani. Na kabla hujagusa ukuta wa nje muulize anayesimamia hifadhi ya mji wako, kuna taratibu zake.

Rangi

Plasta mpya ya saruji ipe siku 28. Ndani paka praima inayovumilia saruji mbichi, alafu emalshen mikono miwili. Kuna mtindo wa kupaka rangi ya mafuta nusu ya chini ya ukuta wenye unyevu, au kubandika taili, ili doa lisionekane. Rangi inavimba, na taili zinafanya unyevu upande juu yake, unakuja kuliona doa lako usawa wa kifua badala ya magotini.

Mimi ukuta wangu nilipomaliza nilichora duara dogo la penseli pale elbo ilipo, nikaandika tarehe, na kila mwezi napitisha mgongo wa mkono, manake mgongo wa mkono unasikia ubaridi wa unyevu kabla jicho halijaona kitu. Wife anasema nimekuwa kama daktari wa zamu. Masika mbili zimepita na duara bado kavu.